Vigelegele Viwili Buguruni

Mjukuu wangu Zuhura,

Sie wazima, na babu yako kikohozi kimemwacha. Umeuliza siku aliyozaliwa mama yako kulitokea jambo gani kubwa. Vita vikuu viliisha.

Babu yako alikuwa vitani Burma, mie chumbani Buguruni, uchungu umenibana. Mara mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mkunga akachungulia dirishani kwa hasira. "Nyie, mnashangilia nini? Mtoto hajatoka."

"Vita vimekwisha, bibi."

"Humu ndani bado."

Mama yako akatoka kimya. Mkunga akawa anampigapiga mgongoni, na huko nje wote wakanyamaza, wanasikiliza. Alipolia, vigelegele vya pili vilizidi vya kwanza.

Waandikie shuleni wanavyotaka. Kwangu vita viliisha alipolia.

Bibi yako,
Mwanaidi