Kwaya Yangu Iko Kilabuni

Mpendwa Shangazi Lamria, naomba msaada kabla mume wangu hajasikia kwa watu, maana hapa kisiwani Samosir habari haina breki.

Mimi nimeongoza kwaya ya kanisa letu tangu binti zangu wakiwa mgongoni, na sasa waimbaji wangu wa besi wamekwisha, tumewazika wote isipokuwa mzee Manahan, ambaye akivuta pumzi ubeti unakuwa umeshapita, na vijana hawaji, ibada nzima ni mvi na miwani, basi Jumamosi moja mchana nikaenda kilabu cha tuak, pombe yetu ya kugema, kumtoa mjukuu wangu Parlin, ufagio mkononi kabisa, nikamkuta na wenzake na gitaa lao wanaimba, Shangazi, nyimbo zetu za kanisani, tena sauti zote nne, na mimi badala ya kugomba nikajikuta napaza sauti mlangoni, "Ninyi wa teno, mnapanda mapema!"

Parlin akacheka. "Basi bibi, ingia utuongoze, fimbo si unayo!"

Nikaingia, nikaongoza kwa ufagio. Sasa kila Jumamosi niko huko na chai yangu, na sijawahi kuwa na raha hivi, ila mume wangu Marolop ni mzee wa kanisa na anadhani naenda kumwona mgonjwa, na nilipogusia vijana waimbe Krismasi akafoka, "Wanukie tuak madhabahuni? Wakae mafunzoni mwaka mzima kwanza, tena viti vya nyuma!" Nimwambie ukweli, au ninyamaze?

Bibi Tiurma

*

Bibi Tiurma, nimecheka hadi chai ikanipalia. Halafu nikakasirika. Mtu mzima mzima unamsingizia mtu ugonjwa! Koma.

Mnalia vijana hawaji. Mliwaita lini? Mliwaita kupanga viti na kuchinja nguruwe wa sikukuu. Kuimba mkawaambia ngojeni. Wangoje nini, mfe? Samaki mkunje angali mbichi, mama, na hawa wenu wamejikunja wenyewe bila msaada wenu. Mshukuruni Mungu.

Mwambie Marolop leo, akishakula, si kabla. Jumamosi mpeleke akasikilize mwenyewe. Na asijifanye malaika: mwanamume gani wa Samosir alijifunza besi kwingine zaidi ya kilabuni? Vijana nao waambie bila kubembeleza: siku ya kuimba kanisani, tuak hakuna. Waoge, wavae mashati meupe, wakae mbele.

Lakini kuna jambo hukuliuliza. Barua nzima unalilia besi. Nani ataongoza baada yako, kimya. Najua inauma. Krismasi, ongoza wimbo wa kwanza. Wa pili, mkabidhi Parlin, nenda ukakae benchini karibu na mumeo. Parlin atakosea. Usisimame. Umshike Marolop mkono na ufunge mdomo, hata teno wakipanda mapema.