Bamba la Mfupa Shingoni mwa Dinosaria

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Songea, tarehe 16 Agosti 1995, saa 2:40 asubuhi

Jina: Skolastika Ngonyani. Umri: miaka 49. Kazi: mfinyanzi. Dini: Mkatoliki. Elimu: darasa la nne. Makazi: Mfaranyaki.

Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nasema mbele ya Mungu na mbele yako, mwanangu.

Osmund mliyemweka mahabusu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Zamani alikuwa fundi wa vigae misheni. Mwezi wa sita mtafiti, Bwana Aidan, alitupa kazi ya kufinyanga uani kwangu shingo na mabega ya dinosaria, mnyama wa kale mwenye mabamba tangu shingoni hadi mgongoni, kwa ukubwa wake halisi, watu waone alivyokuwa. Alileta kasha la mifupa iliyogeuka jiwe. Mabamba yalikutwa yametawanyika ardhini, kwa hiyo ilibidi kutafuta yalivyokaa mwilini.

Shemeji aliyalaza, moja limepanda jingine, kama paa. Bwana Aidan akamwonyesha kitako cha bamba, kinene na chenye mikwaruzo, akasema hapo ndipo ngozi na nyama vilishika, basi yalisimama. Shemeji akauliza, "Sasa mvua ikinyesha, si itaingia yote?"

"Mzee Osmund, huyu si kanisa."

Tukacheka. Shemeji alibomoa kazi ya wiki nzima, hakununa. Mimi niliuliza rangi, nikajibiwa hakuna binadamu aliyemwona. Nikachagua udongo mwekundu wa kwetu, nikaomba nisimkosee Muumba.

Mnamo tarehe 14, majira ya saa kumi jioni, shemeji alisimamisha bamba moja la mfupa kati ya yale ya udongo, apate kipimo. Ndiyo desturi yake ya vigae: cha mfano hukaa ndani ya safu. Akaenda kunawa. Mimi sikujua, nikapaka uji wa udongo mwekundu safu nzima. Kengele ya maungamo ikalia, maana kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Shemeji akarudi mbio, akachomoa bamba aliloliona ndilo, akalifunga gunia, akalirudisha kashani. Yote yalikuwa mekundu.

Tarehe 15 Bwana Aidan alifungua kasha, akakuta bamba la udongo. Akasema shemeji amebadilisha ili awauzie mfupa wanunuzi wa mawe ya thamani wa Tunduru. Shemeji alisema tu, "Nililirudisha." Alichukuliwa hata nguo za sikukuu hajavua.

Leo alfajiri nilikuwa nasali rozari uani. Nikamtazama yule mnyama. Mabamba yote yalikuwa yamekauka vizuri, ila la tatu kutoka juu ya shingo rangi ilikuwa inabanduka kama ngozi ya nyoka. Udongo hunywa maji. Jiwe halinywi. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nikilichomoa peke yangu watasema nililificha mimi. Nimemwacha jirani yangu Benigna analilinda, nikaja, hata salamu za njiani sikuitikia.

Niliyoyaona ndiyo haya. Nimesomewa, nimeridhika, naweka sahihi.

S. Ngonyani

Maelezo ya askari: Nilifika eneo la tukio saa 4:15 asubuhi pamoja na shahidi, mlalamikaji na mtuhumiwa. Bamba la tatu lilichomolewa mbele ya wote, likaoshwa, likaonekana ni mfupa. Mlalamikaji alimwomba mtuhumiwa radhi. Mtuhumiwa aliachiliwa. Kabla ya kuondoka aliomba kielelezo, lile bamba la udongo, akalisimamisha kwenye tundu lililoachwa na ule mfupa. Lilikaa sawasawa.

Koplo Emiliani