Tabaka la Shaba Nililolipinda Mimi

Jumapili. Hakuna mvua, lakini kuta za chumba zinatoka jasho na nguo nilizoanika juzi hazijakauka. Nimeamka na wivu, na leo sitaupa jina jingine.

Wivu wenyewe namwonea mdogo wangu, Rashidi. Niliacha shule kidato cha pili, nikabeba mizigo Tanga ili yeye asome. Sasa sote tuko Guangzhou. Mimi napanga katoni za kontena kwenye ghala wilaya ya Baiyun. Yeye yuko chuo kikuu, anatengeneza vijiwe vyeusi vyenye matabaka ya shaba na oksijeni, ambavyo vikipozwa sana vinapitisha umeme bila kupoteza chochote. Namfurahia. Nusu.

Nusu nyingine inauma kwa sababu ya binti yangu, Saumu. Yeye amebaki nyumbani, yuko kidato cha tatu, na kesho atasimama mbele ya klabu ya sayansi kueleza kazi ya baba yake mdogo. Wiki iliyopita aliniandikia: "Baba, Ba'mdogo akiwa maabara hapatikani. Niulizie, wakibadilisha atomu chache ndani ya vile vijiwe, umbo linakuwaje?"

Sikumuulizia.

Nilijibu mwenyewe. Katoni nazijua: ukichomeka chache kubwa kati ya ndogo, tabaka la juu linapinda. Nikamwandikia kwamba atomu kubwa zikiingia, tabaka la shaba linapinda. Akajibu, "Kumbe Baba unajua!" Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Leo mchana nimekula kwa Rashidi. Nikamuuliza swali lile kana kwamba ni langu. Akaacha wali, akachukua kalamu. Tabaka la shaba, alisema, limebanwa tangu mwanzo, kwa sababu atomu za lanthanamu zilizo jirani yake ni ndogo mno, zikaliachia nafasi finyu. Kwa hiyo limeshapinda kabla hujaligusa. Ukitoa lanthanamu kidogo ukaweka strontiamu, iliyo kubwa kidogo, linapata nafasi na kujinyoosha. Ukiweka bariamu, kubwa zaidi, kwa kiasi fulani na kwenye baridi kali, linainamia upande mwingine, na ule umeme usiopotea unakaribia kufa.

"Kwa hiyo strontiamu hailipindi?"

"Kaka, hizi si katoni za viatu!" Akacheka. "Nani kakudanganya?"

Nikasema nimesikia ghalani.

Kwenye treni ya metro, nikirudi, nikajiambia klabu ya watoto haitajua. Kisha nikamwona akilini Saumu mbele ya wenzake, mwalimu akimsahihisha, naye akisema, "Baba ndiye kaniambia." Nilichoogopa kwanza ni jina langu. Aibu yake niliifikiria baadaye.

Nikampigia. Nikamwambia nilikosea, sikumuuliza Rashidi, nilitaka nionekane najua.

Akapaza sauti. "Baba! Na mimi nimeshachora bango zima kwa wino!"

"Ligeuze, chora nyuma. Namuunganisha Ba'mdogo wako sasa hivi."

"Na wewe usikate."

Wamezungumza nusu saa. Rashidi anamwita Saumu profesa, naye Saumu anamwambia aeleze polepole, asijifanye yuko darasani kwake. Mara mbili nilifungua mdomo kuingilia, nikaufunga.

Wivu uko palepale. Kesho Saumu atasimama na maelezo sahihi, na jina atakalolitaja halitakuwa langu.

Nitaliweza hilo?