Nasra Kaachwa Jukwaani

Shoga uko? Nasra kaachwa. Jukwaani! Mbele za watu!

Si unaijua ile sehemu ya igizo letu Mwinjuma anampa mkewe talaka? Kwa vile yeye na Nasra ni mume na mke kweli, kikundi kiliweka mwiko: amtaje kwa jina la mchezo, Mwanaidi. Talaka haina mzaha.

Leo kasema, "Nasra binti Said, nimekuacha." Nasra! Na jina la baba yake juu!

Masikini akadhani ulimi umeteleza. Akamaliza mchezo, akalia pale pa kulia. Watazamaji wetu wale wachache wakasimama kupiga makofi. Hawajawahi kusimama hao!

Nyuma ya pazia akamfuata mumewe. "Baba Shani, umekosea jina. Twende kwa shehe tukaulize."

Mwinjuma anajifuta poda tu. "Sikukosea."

Na anayemshikia kioo nani? Faraja, yule bi mdogo wa kwenye igizo. Macho chini.

Nasra hata hakupiga kelele. Kakaa juu ya sanduku la mavazi.

Mara mwalimu Gervas anayetuongoza huyo, anacheka, hajui lolote. "Nasra mwanangu, kilio gani kile! Jumamosi tukicheza Gairo tufanye vilevile."

Kaitika, shoga. "Haya, mwalimu."