Odii Iliyonuka Posho

Mjukuu wangu Akello,

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika maafande wangu wote, na meno yangu pia. Hapa Nsambya tu wazima. Bibi yako bado anasaga odii, siagi yetu ya ufuta, ama simsim.

Unauliza kama uache kuuza odii kwa sababu wateja wamekurudishia mikebe ikiwa bado imejaa. Bibi yako alipoanza, mimi, mwerevu wa kambi ya polisi, nilipeleka simsim yake kwenye mashine ya mahindi ili amalize upesi. Ikachanganyika na unga wa posho uliobaki mashineni. Jirani, Mama Zubeda, akaonja, akacheka: "Afande, hii odii au posho?" Kambi nzima ikarudisha.

Nikamwambia bibi yako aache. Akanijibu, "Nibebee jiwe la kusagia." Nikalibeba, na yunifomu mwilini! Akasaga upya, akagonga milango ile ile: "Onjeni tena."

Ukidhani namsifu bure, muulize Mama Zubeda. Mpaka leo hanunui odii kwingine.

Babu yako