Ng'ombe Wawili kwa Kilima Kimoja

Neema mujukuu wangu,

Huku Bukavu tuko wazima. Papa Cubaka, mume wangu wa wiki tatu, ananiimbia hata nikitwanga majani ya muhogo ya sombe, nami nayeyuka!

Umeuliza nani mwenye kosa kule Palestina. Nikiwa msichana kule kijijini Katana, mzungu mwenye shamba la kahawa alimwahidi baba yangu kilima, akapokea ng'ombe wa kalinzi, ambaye kwetu ndiye anayekupa haki ya kulima. Kilima kilekile akamwahidi baba yake Cubaka, akapokea ng'ombe wa pili, kisha akarudi Ulaya. Wazee wetu wakakutana pale na majembe. Sitasimulia damu.

"Na muzungu?" niliuliza.

"Nyamaza!" baba alifoka. "Adui yetu iko hapa, ng'ambo ya mufereji!"

Ndiyo maana Cubaka, niliyempenda tangu siku zile, nimempata nikiwa na mvi. Nani atanirudishia miaka hiyo?

Waingereza nao waliwaahidi Waarabu, wakawaahidi Wayahudi, juu ya nchi isiyokuwa yao, wakafunga mizigo. Leo wanawahubiria amani watu wanaozika watoto. Anayeua ana kosa lake, sikatai. Lakini aliyeahidi mara mbili asimame ajibu, asikalie kiti cha hakimu.

Koko wako anayekupenda