Mstari Wenye Jina la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Toleo jipya la kompaila yetu, ile programu inayogeuza maandishi ya watunga programu kuwa lugha ya mashine, limetoka. Hatimaye! Kazi ya shemeji, mume wa mdogo wangu, imo ndani: sasa kompaila inajua desimali. Tangu aachishwe kazi amejitolea kwenye mradi huu huria kama mtu anayelipwa.

Asubuhi lilibaki onyo moja. Kuna mahali hapakuelezwa desimali ifanyweje. Lugha za funksheni, kama hii tuliyoandikia kompaila, ndivyo zilivyo, hazikubali usahau hali hata moja. Zinafunua kila chungu kama mama mkwe. Nilikuwa na haraka. Nikaweka kistari cha chini, yaani "kingine chochote, kichukulie kama namba nzima". Onyo kimya! Nikaunganisha yote, nikalala usingizi wa mchana kama mfalme.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Mwenye ghala mmoja ameandika kwenye jukwaa la mradi, mbele ya kila mtu: programu yake ya mizani, aliyoitengeneza kwa kompaila yetu, inakata desimali. Kilo mbili na nusu inasoma mbili. Haitoi kosa wala onyo, inakata tu. Ana hasira, na ana haki.

Nilijua papo hapo. Kile kistari changu. Nikafungua historia ya faili, inayoonyesha nani kaandika mstari upi — jina la shemeji! Wakati wa kuunganisha niliyakunja mabadiliko yote kuwa kitu kimoja, yake na kile kistari changu, na vyote vikabaki kwa jina lake. Mkono wangu, jina lake.

Nikaanza kuandika maelezo. Nikasema ninywe chai kwanza.

Kurudi, Profesa (tunamwita hivyo kwa kupenda kusahihisha watu) alikuwa ameshaupata mstari. Eti hata anayeanza leo haweki kistari pale. Na shemeji ameshajibu. Ameomba radhi! Hakumbuki kuuandika, lakini jina ni lake, ataurekebisha leo leo.

Sikuandika kitu. Niliogopa, basi. Miaka yote mimi, mkuu wa mradi, ndiye ninayewafokea watu kwa vistari hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja kula. Shemeji aliparuza sahani tu. Kisha, taratibu:

"Shemeji, mtu anaweza kuandika kitu akakisahau kabisa?"

Nikamwambia ni uchovu. Uchovu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jikoni mdogo wangu akaninong'oneza kwamba mumewe hapati usingizi, anasoma upya kila alichowahi kuandika. Jumatano ana usaili, na hao watu wataangalia kazi yake ya kompaila, maana hana nyingine ya kuonyesha. "Dada, msemee basi." Nikasema nitamsemea.

Jumapili, 10 Machi

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeandika ukweli wote. Nimefuta.

Jumatano, 13 Machi

Usaili unafanyika kwangu, intaneti yao imekatika. Yeye yuko sebuleni mbele ya kompyuta yangu. Sisi dada wawili jikoni, mlango wazi, mimi najifanya naandika orodha ya sokoni. Nimeapa: akimaliza tu namwambia, halafu naandika jukwaani mbele ya wote. Safari hii sifuti.

Wamemuuliza kuhusu ule mstari.

Anajibu. Hajitetei hata kidogo! Anasema alikuwa na haraka, onyo likamkera, akataka linyamaze. Alijua si sahihi, akaweka hivyo hivyo. Hakumbuki kitu huyu — ametunga sababu ili apate cha kujibu. Na ni zangu zile zile, kama vile alikuwa amesimama begani kwangu.

Wanacheka. Kicheko kizuri. Sauti ya mama mmoja inasema wametafuta sana mtu anayekubali kosa lake bila kuzungukazunguka.

Sasa nikisema ukweli, muongo ni nani? Ni yeye. Na nisiposema? Atabeba kosa langu maisha yake yote, tena kwa shukrani.

Mdogo wangu amenibana mkono kwa furaha. Machozi yanamlenga. Maskini, hajui.

Shemeji anaita:

"Shemeji! Hebu njoo kidogo. Nimewaambia mkuu wa mradi yupo hapa. Wanataka uwaeleze na wewe, siku ile ilikuwaje."

Ameshanivutia kiti.